Rangi Nilizimudu, Stika Ndizo Zilizonitoa Jasho

Kwenye michezo ya vita ya mezani watu huzungumzia rangi kutwa kucha: kijani kipi, kahawia ipi, brashi namba ngapi. Alama, yaani zile stika za namba na nembo, hutajwa mwishoni kabisa, kana kwamba ni kazi ya dakika tano. Nami niliingia na mawazo hayo hayo. Nilishazoea kupaka vijisanamu vya milimita 28, mazimwi na mashujaa wa kubuni wasio na namba wala nembo, nikaona vifaru vya Vita Kuu ya Pili ya Dunia vitakuwa mteremko: chuma bapa, kijani mwili mzima, basi.

Nikachagua skwadroni ya Waingereza ya mwaka 1944, kipimo cha 1 kwa 100, kile ambacho wachezaji hukiita milimita 15. Vifaru vyenyewe ni Cromwell, na kila platuni inasindikizwa na kifaru kimoja chenye mzinga mrefu zaidi, Sherman Firefly. Ni mpangilio wa Divisheni ya 7 ya Vifaru, wale waliotoka jangwani Afrika Kaskazini na kupelekwa Normandy, Ufaransa. Cromwell halisi ilikuwa na urefu wa mita 6 na ushei, kwa hiyo ya mezani ni sentimita 6 na kitu. Kwenye mwili huo mdogo inatakiwa nyota nyeupe juu ya paa la mnara (ile sehemu ya juu inayobeba mzinga), alama ya skwadroni ubavuni, mraba mwekundu wenye namba nyeupe mbele na nyuma, na nembo ya divisheni: yule panya wa jangwani mwenye miguu mirefu ya nyuma. Panya huyo, kwenye kipimo hiki, haizidi punje ya mchele.

Kuna jambo moja ambalo ningependa ulijue kabla hujafungua sanduku. Stika ya maji hufaulu au huharibika siku unayopuliza praima, ile rangi ya msingi inayotangulia nyingine zote. Siku ya kuilowesha unaona matokeo tu.

Nieleze ugonjwa kwanza, kisha chanzo. Stika ya maji ni utando mwembamba sana wenye picha, umelazwa juu ya karatasi yenye gundi. Ukiulowesha, gundi inalegea, utando unateleza, unauhamishia kwenye modeli. Utando wenyewe hauna rangi, na ukilala vizuri hauonekani. Tatizo ni kwamba rangi isiyong'aa, ile tunayoipenda sote kwa sababu ndiyo inayofanana na ya jeshini, ina uso unaoparuza hata kama jicho halioni. Utando unaegemea sehemu zilizoinuka, na chini yake inabaki hewa. Mwanga ukipiga pale unarudi mweupe, na kuizunguka nyota yako kunatokea kiwaa kinachometameta, chenye ukingo ule ule ulioukata kwa mkasi. Mtu akikiangalia kifaru haoni nyota iliyopakwa na mafundi wa rejimenti. Anaona kitu kimebandikwa.

Platuni yangu ya kwanza yote ilitoka hivyo. Nililaumu karatasi ya stika, nikanunua nyingine, na pesa hiyo ilikwenda bure maana ya pili nayo ilimetameta vile vile. Nilipokuja kukwaruza ubavu wa mnara kwa ukucha ndipo nikaelewa. Ulikuwa msasa mtupu.

Basi turudi mwanzo. Modeli za resini hutoka kiwandani na mafuta kidogo, yaliyowekwa ili zisigande kwenye kalibu. Zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua na mswaki wa zamani, acha zikauke kabisa. Ile mistari ya kalibu ikwangue kwa mgongo wa kisu, usitumie makali, kwa sababu makali huchimba. Kwenye Cromwell mistari hii inapenda kupita juu ya vikinga tope na ukingoni mwa mnara. Mahali ambapo hapatakuwa na alama unaweza kusamehe kidogo. Pale zitakapokaa stika usisamehe hata shimo la sindano, maana stika hulitangaza.

Praima ya kopo ndiyo iliyoniponza. Tikisa kopo dakika mbili kamili, kwa saa, siyo kwa kukisia. Pulizia kutoka sentimita 20 hadi 30, kwa mikupuo mifupi, ukianzia nje ya modeli na kumalizia nje ya modeli. Mbali zaidi ya hapo, au kukiwa na joto kali na upepo, matone yanakauka yakiwa bado hewani na kutua kama vumbi. Kukiwa na unyevu mwingi unapata uso wenye ukungu. Mimi nilipuliza kwa mbali nikiogopa kuziba vitu vidogo vidogo, nikaona vumbi lile nikajiambia rangi italifunika. Rangi haifunikii kitu. Inafuata kila kilichoko chini, na vanishi inafuata rangi, na stika inakuja kusoma yote hayo. Siku hizi praima ikikauka napitisha kidole kila mahali patakapokaa alama. Ikiparuza, nasugua polepole kwa msasa laini wa 1000 au zaidi, kisha napuliza mkupuo mmoja mwepesi. Vaa kinyago, na kazi hiyo ifanyie nje. Mapafu hayauzwi kwenye duka la modeli.

Kuhusu rangi sitasema mengi, kwa kuwa mengi yameshasemwa. Kijani cha Waingereza kwa mwaka 1944 ni kile cha zeituni kilichoitwa S.C.C. 15, kilichochukua nafasi ya kahawia S.C.C. 2. Usipoteze usiku kubishana ni chupa ipi inayofanana nacho zaidi. Kwenye kifaru cha sentimita 6 rangi sahihi kabisa huonekana nyeusi mno, kwa hiyo wengi wetu huiongezea rangi nyepesi kidogo. Zimua kwa maji mpaka itiririke kwa uvivu, paka mara mbili au tatu nyembamba badala ya mara moja nzito. Paleti ya maji, yaani sponji lililolowa na karatasi ya kuokea juu yake, itakuokolea rangi nyingi. Brashi isizame hadi kwenye kile kikono cha bati kinachoshika manyoya. Rangi ikikaukia humo, ncha inapanuka na hairudi tena.

Halafu rangi ya kivuli. Hapa ndipo mwili bapa wa Cromwell unapolipa, kwa sababu mnara wake una vichwa vikubwa vya bolti vilivyojitokeza nje. Tone dogo la rangi nyeusi ya kahawia iliyozimuliwa sana ukiligusisha kwenye kila bolti linajizungusha lenyewe. Halafu brashi kavu yenye kijani cheupe kidogo, ikigusa kingo tu. Bolti hizo utazipenda kwa siku moja. Siku inayofuata utabandika alama ya skwadroni juu yake, na mapenzi yataisha.

Kabla ya stika yoyote, pitisha vanishi inayong'aa. Hili ndilo nililoliruka mara ya kwanza kwa kuona kwamba kifaru kinachong'aa ni kichekesho. Ni kweli kinachekesha, lakini ni kwa muda tu. Vanishi hiyo inajaza ule uso unaoparuza na kuufanya kioo, hewa inakosa pa kujificha. Si lazima mwili mzima. Mimi hupaka kwa brashi mahali pa alama na kuzunguka kidogo, mara mbili, na kuacha ikauke usiku kucha. Usiibandikie ikiwa bado inanata, maana dawa ya kulainisha stika, nitakayoieleza baadaye, itapenya chini yake.

Wakati vanishi inakauka, soma. Nilichokipenda kwenye alama za Waingereza ni kwamba zina mantiki, na ukiishajua mantiki hubandiki ovyo. Makao makuu ya rejimenti yana almasi, skwadroni A pembetatu, B mraba, C duara. Rangi ya umbo hilo inakuambia ni rejimenti ipi ndani ya brigedi: nyekundu kwa ile ya kwanza kwa ukubwa wa cheo, njano ya pili, bluu ya tatu. Ule mraba mwekundu unaendana na mpangilio huo huo: 51, 52, 53. Mimi nilichukua njano na 52, kwa sababu moja tu: njano inaonekana vizuri juu ya kijani. Kosa linalonichoma macho kila mara kwenye meza za watu ni pembetatu nyekundu kando ya namba 53. Ni kama nimeona shati lililofungwa kifungo kisicho chake, lakini sisemi kitu, maana mwenzangu anafurahia mchezo wake.

Wajerumani wana utaratibu mwingine, na kwa mchezaji ni mtamu zaidi. Namba tatu kwenye mnara: ya kwanza kampuni, ya pili platuni, ya tatu kifaru chenyewe. Ile Tiger 131 iliyokamatwa Tunisia mwaka 1943, ambayo leo iko kwenye jumba la makumbusho la vifaru huko Bovington, Uingereza, jina lake ndiyo anwani yake: kampuni ya 1, platuni ya 3, kifaru cha 1. Anayecheza na Wajerumani anajua kwa kutupa jicho kifaru kipi ni cha platuni ipi. Sisi wa Cromwell tuna umbo moja kwa skwadroni nzima, kwa hiyo chini ya tumbo la kila kimoja nimeandika namba ya platuni kwa kalamu. Jitayarishie hilo mapema, vinginevyo katikati ya mchezo mtaanza kubishana kifaru kipi kimeshapiga mzinga.

Sasa kazi yenyewe. Kata stika karibu kabisa na picha, kwa kisu kipya. Utando ukipungua, ukingo unaoweza kuonekana unapungua pia. Ishike kwa kibano, itumbukize kwenye maji ya uvuguvugu kwa sekunde kumi au kumi na tano, itoe uiweke juu ya karatasi ya shashi iliyolowa, usubiri dakika moja. Usiiache ielee majini mpaka itoke yenyewe, kwa sababu gundi yote itabaki bakulini. Ukiigusa kwa brashi na inateleza, iko tayari.

Mahali inapokwenda paka kwanza Micro Set, ile ya chupa ya bluu, inayonuka siki. Inasaidia stika ishike na inakupa muda wa kuisogeza. Telezesha stika kutoka kwenye karatasi moja kwa moja hadi kwenye modeli, usiibebe hewani kwa kibano, itajikunja na panya wako wa jangwani atageuka fundo. Isogeze kwa brashi mbichi. Ukiridhika, gusisha kona ya shashi pembeni ili inyonye maji, kisha kandamiza taratibu kutoka katikati kwenda nje.

Halafu Micro Sol, ile ya chupa nyekundu. Hii inalainisha utando hadi ulegee na kujilaza juu ya kila kilichoko chini yake. Dakika chache baada ya kuipaka, stika inakunjamana vibaya. Moyo unaruka, mkono unakwenda kuinyoosha. Usiiguse! Wakati huo utando ni laini kiasi kwamba brashi tu inauchana, na nyota iliyochanika haishoneki. Ondoka mezani kabisa. Ukirudi utaikuta imenyooka yenyewe.

Kwenye zile bolti za mnara wa Cromwell, mara moja haitoshi. Stika inasimama juu ya vichwa vya bolti kama hema, na kuzunguka kila kichwa kunabaki kiduara cha hewa. Iache ikauke, kisha chukua sindano nyembamba utoboe kila kiduara mara mbili tatu, na upake Micro Sol tena juu yake. Dawa inaingia kwenye matundu na kuuvuta utando chini. Rudia mpaka bolti ionekane imepakwa rangi ya njano, siyo imefunikwa. Hii ndiyo kazi iliyokula jioni zangu nyingi kuliko kupaka rangi kwenyewe, na sikuwahi kumwona mtu akiitaja. Njia ya mkato ipo: tumia brashi kuchora umbo hilo moja kwa moja. Nitaifikia.

Kama dawa hizo hazipatikani au bei yake inauma, siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji husaidia kidogo kwenye sehemu bapa. Kwenye bolti haitoshi. Na dawa yoyote mpya ijaribu kwanza chini ya tumbo la kifaru, kwa sababu zile kali zaidi zinaweza kula rangi.

Stika za zamani ni hadithi nyingine. Utando ukishakuwa mkavu unavunjika vipande mara tu ukigusa maji. Daima jaribu na alama usiyoihitaji, na karatasi nyingi zina alama tele za namna hiyo. Ikivunjika, ipake karatasi nzima vanishi inayong'aa au Liquid Decal Film ya Microscale, iache ikauke, na hapo inakuwa kipande kimoja tena. Kumbuka kwamba sasa utando umeenea kila mahali, kwa hiyo kukata karibu na picha ni lazima.

Stika zikishakauka, pitisha brashi yenye maji uondoe mabaki ya gundi, maana baadaye hugeuka madoa ya manjano. Kisha vanishi inayong'aa tena juu yake, ili ukingo wa utando upotee. Vumbi na tope vije baada ya hapo. Nimeona watu wanapaka tope zuri ajabu, kisha wanabandika nyota nyeupe safi juu ya tope. Nyota ilikuwa pale kabla ya safari, kwa hiyo nayo ipate vumbi lake. Tena tope lina faida ya pili: wafanyakazi wa vifaru wenyewe waliona nyota nyeupe zinawapa wapiga mizinga wa adui pa kulenga, na wengine wakazipaka tope au rangi. Stika yangu moja iliyogoma kabisa kutulia nimeifanyia hivyo hivyo, na ndiyo inayosifiwa.

Mwisho wa yote vanishi isiyong'aa, na hapa nusura nipoteze platuni nzima. Nilipuliza jioni yenye unyevu, asubuhi vifaru vyote vilikuwa vimefunikwa na ukungu mweupe, kijani kimetoweka. Nilikaa kimya muda mrefu. Kabla hujatumbukiza chochote kwenye spiriti ili kung'oa rangi yote, jaribu kupaka vanishi inayong'aa juu ya ukungu huo. Mara nyingi uwazi unarudi. Kwangu ulirudi, isipokuwa kwenye vifuniko viwili vya mnara ambavyo nilivipaka upya kwa brashi. Tangu siku hiyo vanishi isiyong'aa naipaka kwa mkono, polepole, baada ya kuitikisa chupa vya kutosha, kwa sababu ile dawa inayoua mng'ao hutuama chini. Usipoitikisa unapaka vanishi inayong'aa bila kujua.

Nilisema nitarudi kwenye kuchora kwa mkono. Kwa maumbo ya skwadroni, nakushauri ujaribu. Siri ni kutochora mstari. Chora umbo zima lililojaa, pembetatu nzima ya njano, kisha rudi na kijani cha mwili ukijaze ndani yake mpaka ubaki ukingo mwembamba wa njano. Makosa ya nje nayo yanarekebishwa kwa kijani hicho hicho. Njano haifuniki kijani, kwa hiyo anza na nyeupe au waridi hafifu. Namba na panya usijitese, hizo waachie wachapaji. Majina ya vifaru kwa kalamu ya wino ya 0.05 yanawezekana, ila wino wa baadhi ya kalamu huyeyuka vanishi ikigusa, na hakuna kinachokasirisha kama jina linalotiririka.

Firefly inahitaji jambo moja zaidi. Mzinga wake wa ratili 17 ulikuwa mrefu kupita wa Sherman za kawaida, na Wajerumani walijua kuuchagua. Kwa hiyo wafanyakazi walipaka nusu ya mbele ya mtutu kwa namna ya kudanganya macho, upande wa chini ukiwa mweupe wenye ukingo wa mawimbi, ili kwa mbali uonekane mfupi. Kwenye modeli ni mistari miwili tu ya brashi, lakini chora mawimbi kabla hujagundisha mtutu kwenye mnara. Baada ya hapo mkono hauna pa kuegemea.

Stika zitabaki, tena nyingi, kwa sababu karatasi moja hubeba namba ambazo hutazihitaji milele. Zilaze bapa kwenye mfuko wa plastiki, mbali na jua na unyevu, na uandike nje ni za kipimo gani. Nyota ya 1 kwa 72 na ya 1 kwa 100 zikichanganyika kwenye mfuko mmoja, hutajua ni ipi mpaka iwe imeshalowa.